Kimya Kinavyojengwa

Filamu ya A Quiet Place ya mwaka 2018 inaanza dunia ikiwa imekwisha kuharibika. Madude yasiyoona, lakini yenye masikio makali ajabu, yamewamaliza watu karibu wote, na familia moja ya shambani katika jimbo la New York inaishi bila kutoa sauti. John Krasinski ndiye mwongozaji na ndiye baba. Emily Blunt, ambaye ni mkewe hata nje ya filamu, ndiye mama. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kinachonirudisha kuitazama ni kazi ya mafundi wawili wa sauti, Erik Aadahl na Ethan Van der Ryn. Hawa wamejipatia sifa kwa makelele, kwani mikono yao imo katika ngurumo za maroboti ya chuma ya Transformers. Safari hii waliagizwa kimya.

Kimya cha filamu hakipatikani kwa kuzima sauti tu. Ukizima kabisa tangu mwanzo, mtazamaji atadhani spika zimekufa. Kwa hiyo kwanza hutandikwa sauti za mahali: upepo unaopita kwenye mahindi, wadudu, vijisauti vya nyumba ya mbao. Zote huwekwa chini sana, kiasi kwamba huzitambui mpaka zikome. Juu ya tandiko hilo ndipo huja miguu. Familia hii hutembea peku juu ya njia za mchanga ambazo baba amezimwaga mwenyewe, na ndani ya nyumba wamepaka rangi mbao za sakafu zisizolia zikikanyagwa. Hatua zao lazima zisikike, maana mtu asiyesikika kabisa huonekana kama anaelea. Zikizidi kidogo, mtazamaji atauliza mbona madude hayaji. Fundi anatafuta kipimo kati ya hayo mawili, tena kwa kila hatua, kwa sababu mchanga, mbao na majani makavu havilii sawasawa.

Tazama duka la dawa mwanzoni mwa filamu. Mama anatafuta dawa ya mtoto anayeumwa, anazigeuza chupa moja moja kwa ncha za vidole. Vidonge vinagusana ndani ya chupa. Ni mlio ambao nyumbani kwako usingeusikia hata ukiwa karibu, lakini hapa masikio yamekwisha kushushwa hadi chini, na vidonge vinatisha kuliko risasi. Mara kichezeo kinaponyoka kwenye rafu. Dada mtu anakidaka kabla hakijagusa sakafu, na ukumbi mzima unashusha pumzi. Hakuna dude lililoonekana bado. Mafundi wamekwisha kutufundisha sheria ya dunia hii bila mtu yeyote kusema neno.

Dada huyo, Regan, ni kiziwi, na anachezwa na Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli. Ana kifaa cha kusaidia kusikia, na hapo ndipo ufundi unapopanda daraja. Kamera inapomkaribia, sauti za dunia hupunguzwa polepole mpaka kubaki mvumo mzito wa chini, kama vile anavyousikia yeye. Kamera ikimtoka, upepo na majani hurudi. Kwenye daraja, wakati kichezeo cha mdogo wake kinapoanza kulia nyuma yake, yeye anaendelea kutembea. Anaijua hatari kwa kuusoma uso wa baba yake. Baadaye, kifaa kikizimwa, hata ule mvumo unaondolewa. Kunabaki kimya kitupu, na dude liko nyuma yake. Mafundi hawa wangeweza kukitumia kimya hicho mapema na mara nyingi, kwa sababu kinatisha kwa urahisi. Wamekitunza, wakakitoa pale tu kilipohitajika.

Sauti ya madude nayo ina mtindo wake. Kwa kuwa hayaoni, hutafuta kama popo, kwa kutoa milio na kusikiliza inavyorudi. Mafundi walichukua kifaa cha shoti ya umeme, wakakitumia kwenye zabibu, wakaurekodi mlio ule, kisha wakaupunguza kasi. Ukatoka mlio mkavu, wenye nafasi kati ya pigo na pigo, na mtazamaji anazihesabu nafasi hizo bila kujijua. Mlio ukikaza mwendo, dude limekaribia.

Kisha yanakuja maporomoko ya maji. Baba anampeleka mwanawe mtoni, na chini ya kishindo cha maji wanazungumza kwa sauti ya kawaida, halafu wanapiga kelele kwa nguvu zote. Baada ya muda mrefu wa ishara za mikono na minong'ono, sauti kamili ya mtu inashtua. Ni kelele pekee ya filamu iliyo na furaha ndani yake, na utamu wake umelipiwa na subira yote iliyotangulia.

Lakini maporomoko hayo hayo yanafungua tundu katika hadithi: kama hapo mtu aweza kusema, mbona hawakuhamia hapo? Msumari nao, uliosimama kwenye ngazi na kumchoma mama akiwa na uchungu wa kuzaa, unaachwa pale pale. Familia iliyopaka rangi kila ubao salama isingeuacha. Na udhaifu wa madude, ambao mlio mkali wa kifaa cha Regan unaufichua, inashangaza kwamba majeshi ya dunia hayakuufikiria, hali yanapambana na adui anayeishi kwa masikio.

Hayo naweza kuyasamehe. Lisilosameheka ni muziki. Mtunzi Marco Beltrami anaijua kazi yake, lakini mara nyingi ngurumo za besi zinaingia kutuamuru tuogope wakati tulikwisha kuogopa kwa sababu ya pumzi moja. Mwongozaji alipata kimya kilichojengwa kwa mkono, kisha akakifunika. Ndivyo ilivyo pia mwishoni, dude linapoonyeshwa lote, kichwa kikifunguka sikio la ndani likaonekana. Lilitisha zaidi lilipokuwa mlio tu. Kila mara filamu inapoacha kuwaamini wale mafundi wawili, inashuka kuwa ya kawaida.

Kazi yao iliteuliwa kwa tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti, na mfululizo wa filamu hizi umefika hadi Day One ya mwaka 2024, ambamo Lupita Nyong'o anapita katikati ya jiji la New York likinyamazishwa kwa nguvu. Kwetu, ambako DJ amezoea kusimulia filamu juu ya sauti zake na kibanda cha video kikachangamka, hii ya kwanza haimwachii pa kuingilia. Akitia neno moja tu, ameifuta kazi yote. Itazame usiku, feni ikiwa imezimwa, na usipandishe sauti hata ukiona haisikiki vizuri. Mafundi waliipima hivyo.