Ukoo, Kanisa na Ajenda ya Kikao: Tukimsoma Tena Askofu Kibira

Askofu Josiah Kibira alitoa kitabu chake *Church, Clan, and the World* mwaka 1974, akiwa ameiongoza dayosisi yetu miaka kumi. Miaka mitatu baadaye mkutano wa Shirikisho la Kilutheri Duniani uliokutana Dar es Salaam ulimchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Ni kitabu cha kitaaluma, na kwa Kiingereza, lakini swali lake linawahusu wazee wa kanisa kuliko wanafunzi wa theolojia: mtu wa Buhaya, ambaye tangu kuzaliwa ni wa ukoo fulani, akiisha kubatizwa ni wa nani?

Ubora wa kitabu ni kwamba hakiudharau ukoo. Na kweli, ukitembea kutoka Kagoma hadi Kamachumu hutakuta ukoo ulioandika dira yake ukaitundika ukutani. Hata hivyo kila mwanaukoo anajua kazi yake. Mtu akifiwa, jua halichwi kabla watu hawajafika na kuni, ndizi na maji. Hata mgeni aliweza kufanywa ndugu kwa omukago, kwa buni moja ya kahawa iliyopakwa damu, na tangu siku hiyo kila upande ulijua unadaiwa nini. Kanisa la hapa nalo lilianza hivyo. Kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910, walikuwapo Wahaya waliokuwa wamejifunza kusoma Injili kwa Kiganda, wakikusanyana majumbani na kufundishana. Hawakuwa na ofisi.

Sasa tunazo ofisi, na tunayo mipango mikakati yenye dira, dhima na malengo ya miaka mitano. Siibezi, nimewahi kukaa katika kamati za kuiandaa, na chai ilikuwa nzuri. Lakini anayetaka kujua usharika unaamini nini asisome dira, asome kitabu cha kumbukumbu za vikao. Humo utakuta mapato na matumizi, paa la jengo jipya, bahasha za ahadi ambazo hazijarudi, mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada, kamati ya mapokezi ya wageni. Kuhudumia wajane na yatima, ambako katika dira kumeandikwa mstari wa kwanza, katika kumbukumbu kunatokea chini ya “Mengineyo”, wakati wajumbe wameshaanza kutafuta kofia zao.

Hapa ndipo ningependa Askofu Kibira awe mkali zaidi. Ukoo unaopokea ndio huohuo unaotoa nje. Mwaka 1988 mama mmoja wa wilaya ya Muleba, aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshtaki, kwa kuwa mila, hata ile iliyoandikwa na serikali mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Kesi ilianzia mahakama ya mwanzo na kufika Mahakama Kuu Mwanza. Mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaja kuthibitisha mwelekeo huo. Kwamba wote ni sawa mbele za Mungu tumelihubiri tangu enzi za wamisionari. Kwa habari ya kibanja, jaji alitutangulia.

Wako watakaosema hayo ni ya mahakama, mchungaji ana madhabahu yake. Wasome Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume hawakuandika tamko. Walibadili mgawanyo wa kazi, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye majina. Dayosisi yetu nayo imewahi kufanya hivyo. UKIMWI ulipoingia, na wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Tanzania mwaka 1983 walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, ilianzishwa HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto. Hapo imani ilipata ratiba ya kazi: fulani aende kaya fulani, aulize mtoto amekula nini na nani anadai shamba la marehemu baba yake.

Ugumu wenyewe ni kwamba mzee wa kanisa na mkuu wa ukoo mara nyingi ni mtu mmoja. Jumamosi anaketi kwenye kikao cha kuondoa matanga, ambapo inatamkwa mjane abaki au aondoke kwenye kibanja. Jumapili anashika kapu la sadaka. Hakuna ukurasa wa mpango mkakati niliousoma unaomwambia afanye nini siku ile ya Jumamosi, na hakuna anayemuuliza Jumatatu alisema nini. Baraza la wazee likiliweka swali hilo liwe ajenda ya pili, mara baada ya sala ya kufungua na kabla ya hesabu za mnada, baadhi ya wajumbe watanuna, na kikao huenda kikavunjika.