Mizizi Inayopumua Hadharani

Jamani, nendeni Gazi, Kwale, maji yakipwa! Simameni kwenye njia ya mbao ya mikokoni, inayosimamiwa na kina mama wa kijiji, mtazame chini. Mizizi tuliyofundishwa kwamba hujificha ardhini, hapa imetoka nje mchana kweupe, na sijui nianze kuisifu wapi.

Nianze na mkoko wenyewe. Shina lake halifiki hata topeni! Limebebwa na mizizi magongo iliyochipuka ubavuni, ikapinda, ikajikita huku na huku, na wimbi linapita katikati bila kuling'oa. Usogelee ulitazame ganda la mizizi hiyo. Vile vidoa vidogo ni vitundu vya hewa, na uhai wa mti umo humo. Tope la mikokoni halina oksijeni, harufu ya yai viza inakwambia. Basi mzizi wa chini hupumua hewa iliyoingilia juu, ikateremka ndani ya nyama yenye matundu kama sifongo. Mwaka 1955 mwanasayansi Scholander na wenzake walivipaka grisi vitundu hivyo: kwa siku mbili tu oksijeni mizizini ilishuka kutoka asilimia 15 na zaidi hadi 2 au pungufu. Mbili!

Mchu, mti mwingine wa mikokoni, nao umesimamisha vijiti vyembamba topeni, mamia kwa mamia. Maji yakivifunika, mzizi hula oksijeni iliyomo na kanieneo ya ndani hupungua. Yakipwa, hewa mpya inafyonzwa. Bahari ndiyo inayoupumulisha mti! Majirani zake nao wana namna zao: mlilana hutoa vijiti vinene, muia hukunja magoti, mkomafi hutambaza mizizi bapa.

Na shina, tusilisahau. Mizizi ya mkoko huchuja zaidi ya asilimia 90 ya chumvi, lakini kuvuta maji matamu kutoka baharini hadi shinani kunataka nguvu ya kutisha: Scholander alipima katika miti ya mikokoni mvuto wa angahewa 30 hadi 60. Tairi la gari hujazwa mbili na kitu! Ukikuta mchu uliokatwa, chungulia mkato wake: mirija ya chakula, ambayo miti mingi huiweka chini ya ganda pekee, humu imepangwa kwa zamu na mbao, pete baada ya pete, hadi ndani.

Ulizeni kwanza saa ya maji kupwa. Yakiwa yamejaa, mtaona majani tu.