Papa wa Kubuni Atazamwapo Utete: Maoni juu ya Filamu ya Conclave

Papa wa kubuni si mgeni katika riwaya za nchi za Magharibi. Mwaka 1963 Morris West wa Australia alimtunga Papa Kiril, Mwukraine aliyetoka katika kifungo cha Wasovieti. Mwaka 2016 Mwingereza Robert Harris akaandika Conclave, na mwaka 2024 Edward Berger akaigeuza riwaya hiyo kuwa filamu. Twaizungumzia filamu, kwa kuwa ndiyo waliyoiona wanafunzi wetu, na kwa kuwa sisi wenyewe tuliitazama Utete, usiku mmoja wa semina ya wainjilisti, mchungaji kijana akitufasiria. Majirani wawili Waislamu walikaribishwa, wakaketi nasi.

Yafaa kwanza tuondoe shaka ya msomaji Mlutheri atakayeuliza Papa atuhusu nini. Mwaka 1537 Melanchthon alipotia sahihi Makala ya Smalkald aliongeza neno lake: kama Papa angeiruhusu Injili, ukuu wake juu ya maaskofu ungeweza kukubaliwa kwa haki ya kibinadamu. Ukitazamwa hivyo, ukuu huo ni usimamizi, na usimamizi hupimwa kwa kazi. Hicho ndicho kipimo tutakachokitumia hapa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Papa amefariki, Kadinali Lawrence asimamia uchaguzi wa mrithi, wagombea waanguka mmoja mmoja kwa makosa yao, hata kura zikamwendea Benitez, askofu mkuu wa Kabul, ambaye wenzake hawakumjua alipowasili. Ajiita Innocentius. Mwisho wafichua kwamba Benitez ni mtu wa jinsi mbili, naye hakulijua hilo hadi alipopasuliwa akiwa mtu mzima. Wachungaji wengi tuliozungumza nao waliligombania jambo hili tu, na kwa maoni yetu wamepitwa na lililo zito zaidi.

Lililo zito ni hotuba. Baada ya mlipuko uliovunja madirisha ya ukumbi wa uchaguzi, Kadinali Tedesco ataka Kanisa liongozwe na mtu wa kupigana na Waislamu. Benitez amjibu kwa sauti ya chini. Amehudumu Kongo, Baghdad na Kabul. Ameziona maiti za Wakristo na za Waislamu zimelazwa safu moja. Auliza hao wa kupigana nao ni akina nani. Tedesco aliposema yake, chumba chetu cha Utete kilikuwa kimya kabisa, na mfasiri wetu akasita. Maneno kama hayo hayasikiki huku kama yanavyosikika Roma. Rufiji ni nchi ya Waislamu wengi na Wakristo wachache, nasi tulioitwa kuihudumia twaishi kwa wema wa majirani. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa siku moja huko Kibiti, na kabla na baada ya siku hiyo viongozi kadhaa wa vijiji waliuawa, hata jirani akamwogopa jirani. Aprili 2024 mafuriko ya mto yaliingia katika nyumba bila kuuliza dini ya mwenyewe. Mmoja wa wageni wetu, mzee wa makamo, aliposikia jibu la Benitez alisema tu, “Huyu amekaa na watu.” Hatujasoma uhakiki wowote wa filamu hii uliosema zaidi ya hapo.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Mwafrika wa hadithi hii, Kadinali Adeyemi wa Nigeria, aongoza kura za mwanzo kisha aondolewa kwa sababu ya mtoto aliyezaa zamani na Sista Shanumi. Achezwa vema sana na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania, na kilio chake mbele ya Lawrence chaumiza. Dhambi yake hatuitetei. Twalalamikia mtungaji, aliyempa Mwafrika nafasi ya mbele ili tu apate wa kumwangusha. Msomaji wa Tanzania amjua Laurean Rugambwa, kadinali tangu mwaka 1960, aliyepiga kura katika chaguzi tatu za Papa, mmoja mwaka 1963 na mbili mwaka 1978, kisha kila mara akarejea kwa kondoo wake. Amjua pia Josiah Kibira, aliyechaguliwa hapo Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Wote wawili ni watu wa Bukoba. Hadithi ya kubuni imeshindwa kuwaza lililokwisha kutokea kwetu.

Na Sista Shanumi je? Aletwa Roma kwa hila ya kadinali mwingine, aaibishwa mbele ya watu, na baada ya hapo atajwa ili tu kumnasa aliyemleta. Hakuna amwombaye radhi.

Kasoro kubwa zaidi iligunduliwa na mwinjilisti mmoja wa Utete, si na sisi. Taa zilipowashwa aliuliza: “Baba Mchungaji, akishachaguliwa alifanya nini?” Tulimjibu kwamba filamu imekwisha. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Benitez achaguliwa kwa hotuba, kama wachaguliwavyo wengi katika mikutano yetu mikuu, tupigapo kura kwa machozi ya dakika kumi kisha tukashangaa miaka inayofuata. Tumeonyeshwa mtu asiyeutaka ukubwa, nasi twaambiwa hiyo yatosha. Haitoshi. Wapo wasioutaka ukubwa na wasiotaka kazi vilevile.

Tuliporudi chuoni tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi: waandike mwaka wa kwanza wa Papa Innocentius. Karibu wote waliandika juu ya siri ya mwili wake na jinsi atakavyoificha. Wawili walimpeleka Kabul kuzuru. Mmoja peke yake, binti wa Ikwiriri, aliandika barua ya Papa kwa Sista Shanumi, kurasa mbili, nasi tulichelewa kuisahihisha kwa kuwa hatukujua tuipe alama gani.