Programu Zilizopachikwa na Upatanisho wa Kiswahili

Lugha ya PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, hupachikwa ndani ya lugha nyingine, HTML. Alama moja huifungua na nyingine huifunga. Yaliyo baina yake hutendwa na mashine, na jawabu huachwa mahali pale pale. HTML haimwulizi mgeni wake jina wala kabila: humwachia pengo, naye hulijaza. Taabu huanza pale ukurasa wenyewe unapoandikwa kwa Kiswahili.

Na lichukuliwe duka la Kariakoo liuzalo sukari, mchele, viatu na mashuka. Mwandishi wa programu huandika sentensi moja, “… imeuzwa”, akaacha pengo penye jina la bidhaa. Ikiingia sukari, sentensi ni sahihi. Lakini mchele umeuzwa, viatu vimeuzwa, mashuka yameuzwa. Kwa mashine vyote “imeuzwa”. Kosa hili si la msamiati. Katika Kiswahili jina ndilo litawalalo kitenzi, na pengo lisilo na ngeli halina la kutawala. Mtaa wenyewe una jina la kigeni: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kikawa Kariakoo vinywani mwa watu, jina likatii sauti za Kiswahili. Katika ukurasa wa duka mwenyeji ndiye atakiwaye kumtii mgeni.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulistahili sifa kwa istilahi zake. Lakini istilahi ni nusu ya kazi. Chombo cha gettext, kitumiwacho na wafasiri wa programu, hupambanua umoja na wingi, ngeli hakiijui.

Wengi huukwepa ugumu kwa kuandika “Bidhaa: viatu. Hali: imeuzwa.” Sarufi imenusurika, ila lugha imegeuzwa daftari la mizigo, hakuna muuzaji wa Mtaa wa Msimbazi asemaye hivyo. Dawa ni nyepesi: kila jina lihifadhiwe pamoja na upatanisho wake, na kiambishi cha kitenzi kitolewe humo. Ni safu moja zaidi katika jedwali. Safu hiyo, hata hivyo, isijazwe kwa kutazama umbo la jina peke yake, kwani kuku wa sokoni, ajapofanana na sukari kwa umbo, ameuzwa. Hakuuzwa kwa “imeuzwa”.