Ukuta Kwanza, Kitanda Baadaye

Mtu wa Igunga hahitaji kufundishwa gesti nzuri ni ipi. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Uganda yakishateremka mlima Sekenke hupumzika mjini kwake, na dereva akiingia chumbani hutazama kama maji yanatoka, kama chandarua hakijatoboka na kama mlango unafungika. Vipimo hivyo vinatosha kwa nyumba ya tofali za saruji iliyojengwa juzi. Havitoshi kwa jumba la karne iliyopita au zaidi, kule Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, lililokarabatiwa likawa nyumba ya wageni, linalokupa kitanda na chai ya asubuhi kwa bei ambayo Igunga ingekulaza wiki nzima. Bei hiyo unalipia ukale, kwa hiyo ukale ndio wa kupimwa. Na kipimo chenyewe, kwa maoni yangu, ni kimoja kinachoyatangulia mengine yote: je, fundi aliyekarabati ameuacha ukuta upumue, au ameuziba? Semadari, taa za shaba na mazulia hununuliwa kwa siku moja. Ukuta mkavu haununuliwi dukani.

Majumba hayo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Tumbawe lina vitundu. Hunywa maji kutoka ardhini na unyevu kutoka baharini, na plasta ya chokaa huyaachia maji hayo yatoke taratibu. Chokaa nayo haitaki haraka: mawe huchomwa tanuuni, huzimwa kwa maji, kisha chokaa hulazwa shimoni kwa wiki au miezi ndipo iive. Fundi anayekimbizana na msimu wa watalii huona njia fupi ni mfuko wa saruji. Ukuta wa tumbawe uliopigwa plasta ya saruji ni kama mtu aliyevishwa koti la mvua saa saba mchana. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi yake huganda nyuma ya plasta, plasta huvimba, kisha hubanduka vipande vipande. Mwenye nyumba hupaka rangi upya kila mwaka na kulaumu hewa ya bahari.

Kwa hiyo ukionyeshwa chumba, kiache kitanda kwanza. Anza chini, kwenye mita ya kwanza ya ukuta, maana ndipo maji yanapopandia. Pitisha kiganja. Ukuta uliopona ni mkavu na una mawimbi madogo ya mwiko. Ulionyooka kama kioo, wa jumba la zamani, unatia shaka. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani, plasta imeshaachana na jiwe. Tazama sakafuni kama kuna unga mweupe wa chumvi uliodondoka. Ukikuta mbao au vigae vimebandikwa kuzunguka chumba hadi kimo cha kiuno, uliza vinaficha nini. Kisha inua macho. Adui mkubwa wa boriti ni choo kilichoongezwa ghorofani ili kila chumba kiwe na chake, kwa sababu bomba likivuja, ncha ya boriti huoza ndani ya ukuta ambako hakuna anayeiona, na dalili pekee ni doa la kahawia au jeusi pale boriti inapoingia ukutani. Upana wa chumba nao una habari zake. Boriti ya mkoko huvuka takriban mita tatu tu, ndiyo maana vyumba vya asili ni virefu na vyembamba. Ukipewa ukumbi mpana, jua kuna ukuta uliovunjwa, na uzito wake umepelekwa mahali fulani. Juu ya paa tafuta simtanki: lita 2,000 za maji ni tani mbili, na waliojenga hawakuwahi kuzipigia hesabu. Beit el Ajaib ya Mji Mkongwe, iliyojengwa 1883, ilianguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 huku ikikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Majumba haya hayasimami kwa baraka tu.

Wapo watakaosema mgeni amekuja kustarehe, hakuja kukagua, na kwamba kiyoyozi kinamaliza unyevu wote. Lakini starehe yenyewe inatoka ukutani: shuka zisizonuka ukungu, kabati lisiloota uyoga. Kiyoyozi huificha harufu mpaka umeme ukatike. Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Mafundi wa chokaa ni wachache na kazi yao ni ya polepole, na mwenye vyumba sita hana mfuko wa Aga Khan Trust for Culture, uliookoa Zahanati ya Zamani ya Tharia Topan pale Mji Mkongwe katika miaka ya 1990. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu sidai nyumba iwe kamilifu. Rangi iliyochujuka, ngazi inayolia, bomba la maji lililopita nje ya ukuta badala ya kuuchimba: hayo nayasamehe, na la mwisho nalisifu. Nisichosamehe ni fedha kwenda kwenye mapambo huku ukuta ukiachwa ukioza. Mlango, kwa mfano. Mlango wa kale wa pwani huzunguka juu ya vigingi vya mbao vilivyoingizwa kwenye vizingiti vya juu na chini, na mfaa wake wa katikati umelainishwa na mikono ya watu. Wenye bawaba za chuma na vanishi inayonuka bado si kosa la jinai, ila usiulipie bei ya historia.

Mtu wa Igunga anaweza kuuliza matumbawe yanamhusu nini yeye wa udongo. Aende Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe alimobaki Livingstone mpaka Agosti 1872, baada ya Stanley kumwacha mwezi Machi. Wafanyabiashara wa Zanzibar walileta mlango wa nakshi kutoka pwani, lakini ukuta waliujenga kwa udongo wa hapohapo na paa wakalifunika kwa udongo uleule. Sheria ni ileile: udongo nao hunywa na kutoa, saruji huufungia maji ndani, na paa lisiporudishiwa udongo kabla ya masika huvuja. Ukiweza kuusoma ukuta wa Kwihara, wa Mji Mkongwe hautakushinda.

Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza plasta ni ya chokaa au ya saruji, na choo cha ghorofani kiko juu ya chumba gani. Kwa bei ileile chukua chumba chembamba chenye ukuta mkavu, acha kile kipana chenye mandhari ya bahari. Ukiona wanababaika kujibu, tafuta nyumba nyingine. Mitaa ya Mji Mkongwe kama Shangani, Kiponda na Malindi haina uhaba wa majumba.