Bomba Lipitalo Chini ya Mwembe: Uchambuzi wa Kazi Moja ya Tanga

Katika miji ya pwani yetu, ambako ua usio na mti huhesabiwa kuwa umepungukiwa, maji ya masika yatokayo mapaani na yale ya bafuni hayana budi kupita karibu na shina la mwembe au mkungu kabla ya kufika yanakomwagwa; na aghalabu, baada ya miaka michache, maji hayo hurudi uani na lawama yote ikatupiwa mti. Kazi nitakayoichambua hapa ilifanyika Tanga, katika ua wenye mwembe mkubwa, na mafundi wake waliafikiana tangu mwanzo kwamba mti hautakatwa. Sharti hilo ndilo lililowalazimu kupima kila kifaa kwa hadhari.

Yafaa kwanza tuielewe tabia ya mzizi. Mzizi hauna uwezo wa kulitoboa bomba zima. Hukua pale unapokuta unyevu na hewa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mizizi ya mti huishi katika sentimita 60 za juu za ardhi, hukutana bila shida na mabomba ya uani, ambayo nayo hulazwa kina kicho hicho. Kiungo kikivuja, udongo unaokizunguka hubaki na rutuba hata wakati wa kiangazi. Ncha nyembamba ya mzizi hujipenyeza katika ufa usioonekana kwa jicho, na ikisha kuingia hunenepa, hupanua ufa, na kutoa vijizizi visivyo idadi vinavyolijaza bomba mfano wa singa za katani, vikinasa mafuta na majani mpaka njia ikazibika. Ni dhahiri basi kuwa maradhi haya asili yake ni kiungo, na kwamba swali la kwanza kwa kila kifaa ni hili: kitaleta viungo vingapi penye mizizi?

Kwa kipimo hicho, mabomba ya kale ya udongo wa kuchoma, ambayo hayaozi wala hayaliwi na maji machafu, yaliachwa mara moja, kwa sababu kipande kimoja kilikuwa na urefu wa kama sentimita 60 tu, na kila baada ya hatua moja pana kiungo cha saruji kinachopasuka ardhi ikisogea kidogo. Bomba la plastiki lenye matundu, linalozungushiwa kokoto na kitambaa cha kuchuja, lina manufaa makubwa katika kukausha uwanja uliotuama maji, walakini kulilaza chini ya mti ni kuialika mizizi, kwani limetengenezwa makusudi lipitishe maji ubavuni. Mfereji wa wazi wa saruji una sifa moja adhimu, nayo ni kwamba uchafu wake huonekana na husafishwa kwa ufagio. Lakini mzizi ukinenepa chini yake huuinua na kuuvunja, na majani ya mwembe huujaza kila siku.

Likabaki bomba zima la PVC la inchi 4, ambalo huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Hapo ndipo ilipodhihiri akili ya kazi hii, ambayo mimi naisifu kwa dhati: badala ya kuanzia kupima nyumbani na kuacha viungo viangukie popote, mafundi walianza mtini, wakalaza bomba moja zima, katikati yake mkabala wa shina, hata kiungo cha karibu kikawa mita 3 kutoka shinani. Viungo vya pande zote mbili viliunganishwa kwa gundi, maana kiungo cha mpira, japokuwa huvumilia ardhi inayosogea, mzizi huweza kupenya pembeni mwake; kisha bomba likazibwa mwisho, likajazwa maji na kuachwa, viungo vikatazamwa kabla ya kufukiwa.

Mtaro ulichimbwa kwa mkono. Mizizi minene haikuguswa, bali bomba lilipitishwa chini yake, kwani mti uliokatwa mizizi upande mmoja, udongo ukilowa kwa masika na kusi likaanza kuvuma, huanguka juu ya nyumba. Chini ya bomba palitandazwa mchanga, kwa kuwa ncha ya jiwe la matumbawe hulibonyeza bomba mahali pamoja mpaka likapasuka. Mwinamo ulikuwa sentimita 1 kwa kila mita, na kila upande pakajengwa chemba, ya juu ikiwa na wavu wa kuzuia majani.

Wako wanaopendelea kumwaga mrututu bombani kila mwaka. Mrututu huua mzizi unaougusa, lakini hauzibi ufa, na sumu yake hubaki ardhini, pengine karibu na kisima. Namsihi mwenye kuazimia kazi kama hii asifukie mtaro wake kabla viungo havijajaribiwa kwa maji mbele ya macho yake.