Kigezo kinachopaka kijani mbegu iliyoisha muda

Wengi wetu sasa tunaweka rejista ya mbegu kwenye wiki ya MediaWiki, ile programu inayobeba Wikipedia. Kuna kigezo kimoja kinazunguka: unaandika tarehe ya mwisho ya fungu, chenyewe kinailinganisha na leo, kinapaka kijani ao nyekundu. Wazo ni zuri. Kazi yenyewe ni mbaya.

Kinageuza tarehe mbili kuwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa #time:U, kisha kinatazama ipi ni kubwa. Hapo hakuna kosa. Kosa liko kwa mlango, juu kinapokea kila mwandiko. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika siku, mwezi, mwaka. Mashine ikiona vile vistari vya kuinama inasoma Kimarekani, mwezi kwanza. Basi maharagwe yanayoisha 10/02/2025 yanakuwa ya tarehe 2 Oktoba. Mwezi wa tisa, wakati wa kupanda msimu A huku Kivu, ukurasa uko kijani bado, na mama fulani anatia ile mbegu kwa udongo.

Ukiandika 25/02/2025 inakataa, juu mwezi wa 25 hauko. Hiyo mi naipenda. Zinazoniogopesha ni zile siku 12 za kwanza za kila mwezi: hakuna kelele yoyote, isipokuwa 05/05 na wenzake wanaookoka kwa bahati tu.

Tena kuna lingine baya zaidi. Nafasi ya tarehe ikibaki wazi, #time inachukua saa ya sasa. Sasa haiwezi kuwa nyuma ya sasa, basi fungu lisilo na tarehe njo linapewa kijani! Mbegu ambayo tungeiogopa kwanza.

Wengine wanasema tulinganishe maandishi tu, herufi kwa herufi. Kwa mwandiko wetu, 10/02/2025 itatangulia 15/01/2024. Andikeni 2025-02-10, kama ISO 8601 inavyotaka. Wasomaji wakitaka mtindo wetu, #time:d/m/Y itawaonyesha. Na tarehe inayokosekana ipate rangi yake, kijivu.

Wanaolalamikia saa ya UTC, mi siko nao. Bukavu iko saa mbili mbele, basi rangi inageuka saa nane ya usiku. Nani anapanda saa hiyo?

Kwa sasa, mwenye kigezo hiki afungue kila fungu lenye siku kati ya 1 na 12, alilinganishe na karatasi iliyo kwenye gunia.